SOMO LA 14: TOVUTI YA NYUMBA YA WAGENI

Ndugu mwanakisomo, katika Somo la 13 ulijifunza kuandika tangazo la kuuza mbuzi na kulibandika ukutani pa ofisi ya kijiji. Tangazo lile husomwa na watu wa kijiji kimoja. Leo utasoma habari za tangazo ambalo watu wa nchi nyingi wanaweza kulisoma kwa wakati mmoja. Tangazo hilo huitwa tovuti.

Tovuti ni kurasa za maandishi na picha zinazosomwa kwa simu au kwa kompyuta. Kurasa hizo zimewekwa katika kompyuta moja ambayo haizimwi usiku wala mchana. Kompyuta hiyo huitwa seva. Seva inaweza kuwa Dar es Salaam, au Ujerumani, au Marekani. Mtu akiandika jina la tovuti katika simu yake, simu hupeleka ombi kwa seva, na seva huleta kurasa. Njia inayopitiwa huitwa intaneti. Kutoka katika simu yako mpaka kwenye mnara, habari husafiri hewani. Baada ya hapo husafiri zaidi kwa nyaya. Waya wa SEACOM, uliotandazwa chini ya Bahari ya Hindi, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea zaidi setilaiti za angani, na intaneti ilikuwa ghali na ya polepole.

Mtu aliyebuni tovuti ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Mwaka 1989 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, nchini Uswisi. Wataalamu wa pale walitoka nchi nyingi. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ya aina yake, na kupata maandishi ya mwenzako ilikuwa taabu. Yeye akabuni njia ya kuyaunganisha. Mwezi wa Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote duniani anaweza kuitumia njia hiyo bila kulipa. Ndiyo maana hata mtu mwenye vibanda sita porini anaweza kuwa na tovuti yake.

Hayo ya mitambo yatosha. Sasa tusome habari za mwenye vibanda sita. Hadithi ni ya mfano, lakini makosa yaliyomo hutokea kila siku.

Vibanda sita porini

Kijana mmoja wa Mungaa aliondoka nyumbani akaenda kusini ya mkoa wetu wa Singida. Alifanya kazi ya udereva miaka mingi. Kisha yeye na mkewe wakajenga nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara inayotoka Itigi kwenda Rungwa na kuendelea mpaka Mbeya. Huko ni pori kubwa. Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako huko, nayo yamepakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wako tembo, simba, twiga na mbwa mwitu. Yuko pia palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma.

Nyumba yenyewe si hoteli. Ni vibanda sita vilivyoezekwa kwa nyasi, jiko moja, na baraza ya kulia chakula. Yuko mpishi, mlinzi, dereva, na akina mama wawili wa usafi. Ukiwahesabu na wenye nyumba, watu saba wanategemea vibanda hivyo, mbali na watoto wao.

Miaka ya kwanza wageni walikuja. Baadaye wakapungua. Mpishi akawa analipwa nusu mshahara. Mwezi wa Juni kijana akarudi Mungaa kuwasaidia wazee kuvuna alizeti. Jioni moja akaenda kumsalimu mama yake mdogo, ambaye ni mwanakisomo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko porini hakuna chakula?"

"Chakula kipo, mama. Wageni ndio hakuna. Nasikia siku hizi wageni hutafuta mahali pa kulala kwa simu. Sisi tunayo tovuti, lakini haileti mtu."

"Hiyo tovuti inasema nini?"

Kijana akanyamaza. Ilikuwa imetengenezwa miaka sita iliyopita na rafiki yake mmoja wa mjini. Tangu siku hiyo hakuwa ameisoma yote.

"Basi ilete darasani kesho saa kumi," mama akasema. "Sisi tunajifunza kusoma. Tutaisoma."

Darasa linaisoma tovuti

Kesho yake kijana alikuja na simu kubwa ya kioo. Wanakisomo walikuwa 19. Mwalimu alimkaribisha. Alisema hivi: "Hawa ndio kwanza wamejua kusoma. Jambo likiandikwa vizuri, watalielewa. Wakishindwa, tutatazama kwanza kama kosa ni la maandishi."

Kijana akaandika jina la tovuti. Wakasubiri. Juu ya kioo duara dogo lilizunguka, likazunguka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akatoa ugoro, akavuta, akaurudisha mfukoni. Duara lilikuwa bado linazunguka.

Mwalimu akauliza, "Ina picha ngapi?"

"Kumi na nne. Nilizipiga kwa simu nzuri."

Mwalimu akafanya hesabu ubaoni. Picha ya simu nzuri inaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Megabaiti ni kipimo cha habari, kama kilo ilivyo kipimo cha unga. Picha 14 mara megabaiti 4 ni megabaiti 56. Pale mtandao ulipo dhaifu, megabaiti moja huweza kuchukua sekunde 8. Basi 56 mara 8 ni sekunde 448. Hizo ni dakika 7 na zaidi. Tena mgeni analipia megabaiti hizo kutoka katika kifurushi chake.

"Nani atasubiri dakika saba mlangoni pa mtu asiyemjua?" akauliza mama mmoja.

Dawa yake si ngumu. Picha inaweza kupunguzwa uzito kwa programu za bure mpaka ikawa kama kilobaiti 200, yaani sehemu ya tano ya megabaiti moja, na kwenye kioo cha simu bado ikaonekana vizuri. Picha 6 za namna hiyo ni megabaiti 1 na kidogo. Hufika kwa sekunde kama 10.

Mwishowe tovuti ikafunguka. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tu. Kijana akafasiri, mwalimu akaandika ubaoni:

"Karibu peponi. Katika nyika isiyo na mwisho, ambako moyo wa Afrika unadunda, tutakupa siku ambazo hutazisahau maishani mwako."

Yalikuwapo maneno mengine ya namna hiyo, mistari 11. Darasa likayasoma kwa sauti. Yule mzee wa ugoro akainua mkono.

"Mwalimu, nimesoma mpaka mwisho. Sijaona kitanda."

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa amesema kweli. Maneno mazuri yalikuwa mengi. Bei haikuwapo. Idadi ya vibanda haikuwapo. Haikuelezwa kama kuna choo ndani au nje, kama kuna chandarua, kama maji ya kuoga ni ya moto, wala kama chakula kimo katika bei. Mgeni anayelala mbali na duka na hospitali huuliza hayo kwanza. Habari za moyo wa Afrika anaweza kungoja.

Kisha wakatazama picha. Picha ya kwanza ilikuwa ya nyumbu wengi sana wanavuka mto. Nyuma yao ulionekana mlima wenye theluji.

"Huu si Kilimanjaro?" akauliza mama mdogo.

"Ndio, mama."

"Kilimanjaro unaonekana kutoka Rungwa?"

Kijana akaona aibu. Rafiki yake aliikuta picha ile katika intaneti akaichukua. Hapo makosa ni mawili. Kwanza, picha ina mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe, na aliyeipiga anaweza kudai haki yake. Pili, mgeni ameahidiwa kitu ambacho hakipo. Makundi makubwa ya nyumbu wanaohama yako Serengeti, kaskazini kabisa. Mtu akija Rungwa kuwatafuta hatawaona, naye atawaambia wenzake kwamba ameongopewa. Na palahala, ambaye angeweza kumwona, hakutajwa popote.

Picha ya mama mwenye kuni

Picha ya tisa ilimwonyesha mama amebeba mzigo wa kuni. Kanga yake ilikuwa imechanika begani. Chini yake paliandikwa kwa Kiingereza: "Wenyeji wetu wenye furaha."

Darasa lilikaa kimya. Kisha mama mmoja akauliza, "Huyu aliulizwa?"

"Sijui, mama. Rafiki yangu ndiye aliyempiga."

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Basi mtu usiyemjua jina, umejuaje kwamba ana furaha?"

Kijana hakuwa na jibu. Alisema kwamba hakuona ubaya, kwani watu wengi hufanya hivyo. Hilo ni kweli, watu wengi hufanya hivyo. Lakini mama yule anaweza kuwa na mtoto anayesoma sekondari, na wenzake wakaiona picha ile katika simu zao. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Jina la mtu, namba yake ya simu, na picha ya kumtambulisha ni taarifa zake. Mwenye biashara amwombe ruhusa kwanza, amweleze itatumika wapi, na akikataa aache. Ikiwa ni mtoto, mzazi ndiye wa kuulizwa.

Picha hiyo iliondolewa jioni ile ile. Kwa kweli hawakuweza kuiondoa jioni ile, na sababu yake utaisoma mbele. Lakini kijana aliahidi.

Saa 11 ni saa ngapi?

Mwalimu alitaka kujua kwa nini wageni wa mwisho walilalamika. Kijana akasimulia. Tovuti ilisema kwamba gari la kwenda kuona wanyama huondoka saa 11. Yeye alikuwa na maana ya saa 11 alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu wanyama hutembea wakati wa baridi na mchana hujificha kivulini. Rafiki yake alipofasiri kwa Kiingereza, aliacha namba 11 vile vile. Wageni wakatoka vibandani kwa saa yao ya 11, yaani saa tano mchana. Dereva alikuwa amengoja tangu alfajiri. Walikwenda, wakaona nyani wawili na jua kali. Wakadai fedha zao.

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Wazungu huanza usiku wa manane na tena adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Saa 11 alfajiri yetu ni saa 5 yao. Mtu anayeandika kwa lugha mbili asinakili namba. Afadhali aandike hivi kwa Kiingereza: 05:00, kisha aongeze maneno yenye maana ya "kabla ya jua kuchomoza". Hapo hapana wa kukosea.

Namba ya simu nayo ilikuwa na taabu yake. Iliandikwa kwa kuanza na 0, kama tunavyoiandika hapa nchini. Mtu aliye Kenya au Oman akiipiga hivyo, haimfikishi Tanzania. Huondolewa sifuri ya mwanzo na kuwekwa +255, ambayo ni namba ya nchi yetu. Ukiandika +255, hata mtu wa Dodoma ataipata.

Ufunguo uko kwa nani?

Mwalimu akasema, "Haya, makosa tumeyaona. Tuyafute sasa hivi."

"Siwezi, mwalimu," kijana akajibu. "Neno la siri analo rafiki yangu. Amehama. Namba yake haipatikani."

Hapa, ndugu mwanakisomo, soma polepole. Makosa mengine yote ni ya uandishi. Kosa hili ni la mali.

Jina la tovuti halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hukodishwa, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Aliyeandikishwa kama mwenye jina ndiye mwenye amri juu yake. Rafiki wa kijana hakuwa mwizi. Alitaka kusaidia, akaandikisha jina kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Miaka yote hiyo kijana alimtumia fedha za ada. Kwa hiyo alikuwa akilipia shamba ambalo hati yake ina jina la mtu mwingine. Na ada isipolipwa, baada ya muda jina huachiwa, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Wako watu ambao hungojea majina ya namna hiyo. Wanaweza kuweka tovuti inayofanana na ile ya zamani, wakabadili namba ya kupokea fedha tu. Mgeni hutuma fedha za kibanda, kisha hufika porini na kukuta hakuna anayemjua.

Mama mdogo aliuliza, "Kwani hukuweka maandishi mlipoanza?"

"Alikuwa rafiki, mama."

"Hata ng'ombe wa kufugisha, rafiki huwekewa shahidi."

Ilimchukua kijana wiki tatu kumpata rafiki yake, kwa kupitia kwa shemeji yake rafiki. Alikuwa amebadili namba tu. Alisikitika, akatoa neno la siri na kukubali kuhamisha jina. Wengi hawana bahati hiyo. Zilikuwa zimebaki siku 12 kabla ya muda wa jina kwisha.

Majina ya nchi yetu huishia na herufi .tz. Yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, nayo husajiliwa kwa kupitia mawakala waliokubaliwa. Ukimwajiri mtu akutengenezee tovuti, mwambie aandikishe jina kwa jina lako au la biashara yako. Tumia barua pepe unayoifungua wewe. Neno la siri liandike katika daftari linalokaa sandukuni, pamoja na hati zako nyingine. Tarehe ya kulipa ada iandike katika kalenda ya ukutani. Watu wa kompyuta hukataza kuandika neno la siri katika karatasi. Sisi tunaona kwamba kwa nyumba ndogo ya porini, daftari ndani ya sanduku lenye kufuli ni bora kuliko kichwa cha mtu aliyehama.

Shauri la mbung'o

Kazi ya kuandika upya ilifanyika Julai. Mke wa kijana alikuja Mungaa, kwa kuwa yeye ndiye anayepokea wageni na ndiye anayejua wanachouliza. Darasa lilimsomea maswali yake, naye akajibu. Mwalimu aliandika majibu ubaoni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye mbung'o.

Pori la Rungwa lina mbung'o. Wanauma sana, hata juu ya shati. Tena huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndiyo sababu mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mzee wa ugoro aliwahi kuwinda asali upande wa Itigi, akasema jambo hilo lazima liandikwe.

"Baba, tukiandika mbung'o hakuna atakayekuja," mke wa kijana alisema. "Wenzetu hawaandiki. Sisi tutajifukuzia wageni wenyewe, na mpishi tunamdaiwa mishahara ya miezi minne."

Hilo halikuwa neno la kupuuzwa. Darasa liligawanyika. Wengine walisema mgeni ataambiwa akishafika. Wengine walisema akishafika amevaa suruali nyeusi, na duka liko mbali, utamwambia nini? Mama wa lile swali la kuni alisema kwamba mgeni aliyeumwa bila kuambiwa hatarudi, na aliyeambiwa atakuja na nguo nyepesi za rangi ya majani makavu. Mke wa kijana hakuridhika kabisa. Walikubaliana hivi: mbung'o waandikwe, lakini pamoja na njia ya kujikinga, na wasiwekwe mstari wa kwanza.

Jambo la barabara halikuleta ubishi. Mvua za mkoa wetu huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili. Tovuti ya zamani ilisema nyumba iko mwendo wa saa mbili kutoka Itigi. Ni kweli, wakati wa kiangazi. Wakati wa masika gari huweza kukwama hata siku nzima.

Mwisho wakazungumza bei. Kijana alikuwa ameviweka vibanda vyake pia katika kampuni moja ya nje inayouza vyumba kwa intaneti. Kampuni za namna hiyo huchukua kamisheni. Tuseme kibanda ni shilingi 80,000 kwa usiku, na kamisheni ni 15 katika kila 100. Kampuni huchukua shilingi 12,000. Mgeni akilala siku tatu, atalipa 240,000, na mwenye nyumba atapata 204,000. Kijana alitaka kujitoa mara moja. Mkewe alikataa. Alisema wageni wengi wa kigeni huwaona kwanza huko, na shilingi 36,000 ni kama ujira wa mtu aliyekwenda kuwatafuta. Lakini mgeni wa hapa nchini, au mgeni anayerudi mara ya pili, aweze kuwafikia moja kwa moja kwa tovuti yao wenyewe. Tunaona mama huyu alipima vizuri.

Maandishi mapya

Haya ndiyo maandishi ya ukurasa wa kwanza. Yaliandikwa kwanza kwa Kiswahili darasani, kisha mwalimu wa sekondari akayafasiri kwa Kiingereza. Tovuti inayo yote mawili. Yasome kwa sauti.

"Tuna vibanda sita vya kulala wageni porini, kando ya barabara ya Itigi na Rungwa. Kila kibanda kina vitanda viwili, vyandarua, na choo ndani. Maji ya moto ya kuoga yapo jioni. Tunayachemsha kwa kuni. Taa ni za umeme wa jua. Simu zinachajiwa barazani.

Bei ni shilingi 80,000 kwa kibanda kwa usiku mmoja. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni vimo. Safari ya gari kwenda kuona wanyama hulipiwa mbali.

Njoo Juni mpaka Oktoba. Barabara ni kavu na wanyama hukusanyika penye maji. Januari mpaka Aprili tupigie kwanza, tukuambie hali ya barabara. Unaweza kuja kwa treni ya Reli ya Kati mpaka Itigi. Tutakuja kukuchukua ukituambia siku mbili kabla.

Gari la wanyama huondoka saa 11 alfajiri. Unaweza kuona tembo, twiga na palahala. Siku nyingine hatuoni tembo.

Mbung'o wapo. Vaa nguo nyepesi zenye mikono mirefu, za rangi ya udongo au majani makavu. Usivae buluu wala nyeusi. Hospitali iko mbali, basi njoo na dawa zako.

Usitume fedha kabla ya kuzungumza nasi kwa simu. Unapolipa kwa simu, jina litakalotokea ni jina la nyumba yetu. Likitokea jina la mtu mwingine, usilipe."

Picha ni sita. Moja ni ya kitanda kilichotandikwa, moja ni ya choo, moja ni ya barabara yenyewe. Moja ni ya mpishi akiwa jikoni. Yeye aliulizwa, akakubali, akaomba kwanza avae aproni safi.

Wanakisomo walitaka kujua kama wageni wameongezeka. Agosti mke wa kijana alipiga simu kwa mama mdogo. Mgeni mmoja alikuwa ameahirisha safari kwa sababu ya mbung'o. Familia moja ya Dodoma ilikuja siku tatu. Walisema hawakujua kwamba Mswahili anaweza kupata mahali pa namna ile kwa kusoma Kiswahili. Mpishi amelipwa mwezi mmoja kati ya minne.

MANENO

Seva: kompyuta inayohifadhi kurasa za tovuti.
Neno la siri: neno linalofungua mahali palipofungwa katika simu au kompyuta.
Kamisheni: fedha anazochukua aliyekuuzia kitu chako.
Pori la akiba: pori linalolindwa na serikali kwa ajili ya wanyama.

MASWALI

1. Kwa nini tovuti ya zamani ilichelewa kufunguka?
2. Gari huondoka saa 11 alfajiri. Kwa Kiingereza utaandika saa ngapi? Na saa 2 usiku?
3. Kwa nini kijana hakuweza kuiondoa picha ya mama mwenye kuni siku ile ile?
4. Kibanda ni shilingi 60,000 na kamisheni ni 15 katika kila 100. Mgeni akilala siku mbili, mwenye nyumba atapata kiasi gani?
5. Mke wa kijana hakutaka mbung'o waandikwe. Wewe ungesema nini? Zungumzeni darasani.

KAZI YA KUANDIKA

Chagua kitu kimoja unachouza: kuku, asali, vitunguu, au mkeka. Andika mistari mitano kwa mnunuzi ambaye hajapata kukuona. Mwandikie bei, mahali, jinsi ya kukufikia, na kasoro moja ya kitu chako. Mpe jirani yako asome, halafu umsikilize atakachouliza.